Aliyeshuka

Kwenye tepu kulikuwa na pumzi moja zaidi.

Mulei ndiye aliyeisikia kwanza. Alirudisha tepu nyuma, akabonyeza, akainamisha kichwa. Gitaa la Khamala lilianza, drams za Isaac zikaingia, halafu, kabla Amolo hajafungua kinywa, mtu akavuta pumzi. Kisha Amolo naye akavuta yake, akaanza kuimba.

"Hiyo ya kwanza ni yako?" Mulei akauliza.

"Sijui," Amolo akasema. "Labda."

"Mtu havuti pumzi mara mbili bila kuitoa ya kwanza."

Mulei alikuwa fundi wa studio ndogo ghorofa ya tatu, upande wa River Road, mtu wa makamo aliyerekodi kwaya na bendi za benga hadi masikio yakamchoka. Alijaribu kuikata ile pumzi. Aliporudisha tepu, ilikuwa imesogea mbele kidogo, karibu zaidi na neno la kwanza. Akaikata tena. Ikasogea tena. Mwishowe akawasha sigara, akasema mashine imezeeka, na watu wa redio hawataisikia.

Amolo alikuwa amekaa juu ya amplifaya, gitaa lake la besi mapajani, akijaribu kukumbuka jinsi alivyouimba wimbo ule robo saa iliyopita. Hakukumbuka hata neno moja likimtoka.

Bendi yao iliitwa Kutu. Walikuwa watatu tu. Khamala alipiga gitaa, na siku za kazi alichomelea milango na madirisha kwenye kibanda chake cha jua kali pale Kawangware 46. Hapo ndipo walipofanyia mazoezi, katikati ya vyuma chakavu, na hapo ndipo jina lilipotoka. Isaac, mpiga drams, alikaa mtaa wa Kongo, ng'ambo ya pili ya Kawangware, na alikuwa fundi wa kupaka rangi. Amolo alipiga besi na kuimba. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, akiishi Kibera, kijiji cha Raila, na mama yake aliyekaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki aina ya mbuta inayobaki viwanda vikishachukua minofu. Kwa miaka mitatu Kutu walikuwa wamepiga roki harusini kwa watu waliodhani wamekodi bendi ya rumba. Walizoea kukatizwa katikati.

Halafu, mapema mwaka wa tisini na saba, Okello akafa.

Okello alikuwa ndugu mdogo wa Amolo, miaka kumi na tisa, kijana wa kucheka ovyo. Alipanda juu ya mabati kuunganisha waya wa stima. Mvua ilikuwa imenyesha, akanaswa. Walimzika kwao kijijini, Alego. Wanawake walilia mpaka sauti zikawakauka, na Amolo akasimama kando ya kaburi macho makavu, kama mtu anayengoja foleni ya maji isogee. Shangazi zake walimtazama, wakatazamana. Aliporudi Nairobi aliketi siku moja akaandika "Shuka". Ulikuwa wimbo mfupi. Dada anamwita ndugu yake aliye juu ya paa ateremke, mvua inakuja. Kiitikio kilikuwa neno hilo moja, likipigwa ukelele: Shuka! Shuka!

Siku ile studio walikuwa wameurudia tangu asubuhi bila mafanikio.

"Dada yangu," Mulei alikuwa amemwambia kupitia kioo, "unaimba kama unasoma bei ya sukari."

Amolo akavua hedifoni, akatoka, akapanda ngazi hadi juu ya jengo. Saa sita mchana. Kulikuwa na nguo zimeanikwa na tangi la maji lililopasuka zamani, tupu. Chini, mji ulikuwa ukinguruma kama kawaida. Alisimama pale akijitafuta, kama mtu anavyopapasa mfuko akitafuta funguo, na hakupata chochote. Akasema kwa sauti, nusu mzaha:

"Kama kuna mtu anaweza kubeba hii kitu, basi shuka uibebe. Mimi siwezi."

Tangi likalia mara moja, ngo, kama limegongwa kutoka ndani. Ikaja harufu ya makaa yaliyomwagiwa maji. Amolo akafikiri kuna mtu anapika ghorofa ya chini. Akateremka, akavaa hedifoni, akaimba mara moja tu, na alipofungua macho Mulei alikuwa anafuta machozi kwa mkono wa shati.

*

Mtangazaji mmoja wa redio ya FM aliupiga "Shuka" Jumatatu asubuhi. Kufikia Alhamisi ulikuwa ukipigwa kila saa. Pale Kawangware mama mboga alisimamisha kisu katikati ya kukata sukuma, akabaki amekishika hadi wimbo ukaisha, halafu akauliza wateja wake kama kuna mtu anajua ni kwa nini analia. Watoto waliwapigia mafundi wa ujenzi kelele wakiwa juu ya majengo: Shuka! Shuka! Kaseti ziliisha River Road, zikachapwa nyingine. Watu ambao hawakuwahi kupenda roki walisema hii si roki, hii ni kitu kingine.

Khamala alifunga kibanda siku tatu kwa sababu ya kusalimiwa. "Manze, hata yule landlord ameniita msanii," alimwambia Amolo. "Unaskia hiyo? Msanii!"

"Poa," Amolo akasema.

"Poa tu? Wewe ndio umeimba!"

Amolo alitabasamu, kwa sababu aliona ndilo lililotakiwa. Furaha aliitafuta akaikosa. Mwanzoni hakushtuka. Huzuni ilikuwa imemkosa tangu mazishi, kwa hiyo alidhani furaha nayo iko huko huko, zitarudi pamoja. Lakini kila walipopiga wimbo ule mbele ya watu, kitu kingine kilipungua. Baada ya onyesho la kwanza njaa ilikoma, akawa anakula kwa kuangalia saa. Baada ya la pili chai haikuwa moto wala baridi. Jumapili moja alimsaidia mama yake kuondoa karai la mafuta jikoni, na mama yake akapiga yowe, kwa sababu Amolo alikuwa amelishika bila kitambaa, viganja vyote viwili, na alikuwa amesimama tu akiuliza alitue wapi.

"Nyara!" mama akalia kwa Kijaluo, binti yangu. "Mikono yako! Huskii?"

Amolo akatazama malengelenge yakiinuka. "Naona," akasema.

Mama yake alimpaka dawa, akamfunga vitambaa, akalia tena. Alilia sana siku hizo. Redio ndogo ilikuwa pale kando ya karai tangu asubuhi, na wimbo ulipoanza aliinama karibu nayo hadi paji la uso likaigusa. Samaki waliungua. Alikuwa amekonda, gauni linamning'inia mabegani.

"Hapo mwanzo," alimwambia Amolo, "kabla wewe hujaanza. Huyo anayevuta pumzi ni Okello."

"Mama, hiyo ni mashine."

"Nilimzaa. Siwezi kosa pumzi yake." Akajifuta uso kwa leso. "Nimechoka kulia, nyara. Nimechoka kabisa. Lakini hayaishi."

Amolo alimtazama na akajua kwamba hapa mtoto humkumbatia mama yake. Akamkumbatia. Ilikuwa kama kukumbatia gunia.

*

Isaac ndiye aliyeona.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, ukumbi mmoja wa jamii Kibera, jua likiingia kwa madirisha ya juu, watu wamejaa hadi nje. Katikati ya "Shuka" vumbi lilimwingia Amolo kooni. Akafunga mdomo ili asikohoe kwenye maikrofoni, na akasubiri wimbo uvunjike. Haukuvunjika. Sauti iliendelea, safi, juu, kila neno mahali pake. Amolo alisimama mdomo umefungwa akiisikiliza pamoja na wengine. Mbele yake, watu mia tatu walikuwa wanalia. Hakuna hata mmoja aliyemtazama midomo.

Baada ya onyesho Isaac hakufungua drams zake. Alikaa nyuma ya jukwaa akiwa amejikunyata.

"Amolo," akanong'ona. "Mimi nakaa nyuma yako. Kila siku nakaa nyuma yako."

"Ndio."

"Leo sauti haikuwa inaenda mbele. Ilikuwa inakuja huku. Inatoka hapa." Akajigusa kisogo. "Ilikuwa inaniimbia mimi. Na kulikuwa na harufu, kama ya jiko limezimwa na maji."

"Nilifunga mdomo," Amolo akasema.

"Najua ulifunga. Niliona shavu yako. Na huogopi?"

Amolo akafikiri. Alijua alipaswa kuogopa. Alijua hata mahali hofu hukaa, hapa chini ya mbavu, na pale palikuwa patupu kama sehemu nyingine zote.

"Hapana," akasema. Hilo ndilo lililomtoa Isaac machozi.

Khamala aliwasikiliza wote wawili, amesimama, gitaa mgongoni. Alikuwa na barua mfukoni. Mwandalizi mmoja wa maonyesho alikuwa anawataka uwanjani mwisho wa mwezi, watu elfu kumi, na baada ya hapo kampuni moja ingetoa albamu yao.

"Wiki tatu," Khamala akasema. "Tumalize hiyo shoo kwanza, halafu tutafute mtu wa kuomba, ama daktari, mtu yeyote. Sisemi hatutafanya. Nasema baadaye. Isaac, umepaka nyumba za watu rangi miaka ngapi? Mimi nimechomea milango ya watu ngapi? Amolo, sema kitu. Wewe ndio unaumwa."

"Siumwi," Amolo akasema. "Sijali. Fanyeni vile mnataka."

Na kwa sababu hakujali, ikawa hivyo.

*

Mazoezi ya onyesho la uwanjani walifanyia kwa Khamala, Jumanne mchana. Kampuni ya albamu ilikuwa imeomba wimbo wa pili, na Khamala alikuwa ameandika kitu, lakini kilikuwa kimelala kama bati lililotupwa. Wakaamua kupiga "Shuka" ili wapate moto. Katikati ya kiitikio stima ikapotea. Taa nyekundu ya amplifaya ikazimika. Gitaa la Khamala likawa nyuzi tu, tik tik tik. Isaac akasimamisha fimbo. Mtaani fundi mmoja akailaani kampuni ya umeme. Amolo akafunga mdomo.

Wimbo ukaendelea.

Ulitoka ndani ya amplifaya iliyokufa, bila gitaa, bila drams, taratibu, kama mwanamke anayeimba akifua, na harufu ile ya makaa yaliyolowa ikajaa kibandani hadi Isaac akakohoa. Khamala aliinama, akauvuta waya ukutani, akausimamisha mbele ya macho yake ili ahakikishe kwamba hakika ameuchomoa, na sauti ile, ambayo ilikuwa sauti ya Amolo na ilikuwa tamu kuliko Amolo alivyowahi kuwa, ikamaliza ubeti, ikavuta pumzi ndefu ambayo haikuisha, ikivuta na kuvuta mpaka vumbi la chuma sakafuni likaanza kutambaa kuelekea kwenye spika kama sisimizi wanaorudi shimoni, kisha ikasema kwa upole:

"Khamala. Umeniandikia wa pili?"

Khamala akarudi nyuma hatua moja, waya mkononi.

"Wa kwanza ulikuwa na mtu ndani," sauti ikasema. "Huu wako hauna mtu. Wa pili ni nani? Nipeni nami niimbe. Isaac ana mtoto."

Isaac alitoka mbio akiangusha drams zote. Khamala alibaki ameshika waya. Amolo peke yake ndiye aliyekuwa ametulia. Alikuwa anaitazama ile spika na kufikiri, kwa utulivu kabisa, kwamba mtoto wa Isaac ana miezi saba, na kwamba hilo halimfanyi ahisi lolote. Wazo hilo aliligeuza mara mbili. Ndipo akaelewa, kama mtu anavyoelewa hesabu, kwamba yeye mwenyewe ni hatari.

"Khamala," akasema. "Nipelekeni kwa mtu. Leo nasema ndio. Kesho naweza sema sijali."

"Na uwanja?" Khamala akauliza, halafu akajisikia mwenyewe akiuliza. Akautupa waya. "Haki, samahani. Twende."

*

Shangazi yake Isaac aliitwa Mama Nekoye. Siku za wiki aliwafulia watu nguo Lavington. Jumapili alivaa kanzu nyeupe yenye msalaba wa kijani na kuongoza kanisa dogo la mabati pale Kongo, waumini kama thelathini na ngoma moja. Hakuwapokea Jumanne ile, ingawa Isaac alikuwa ametangulia kumsimulia yote. Alimtazama Amolo mlangoni, akamshika kidevu, akageuza uso wake kwenye mwanga kama anayekagua kitambaa.

"Mlete Jumapili baada ya ibada," akamwambia Isaac. "Nataka nifunge siku nne. Na huyo mtoto wako mpeleke kwa mama mkwe wako Kakamega, leo leo."

"Sawa, Senje," Isaac akasema, akimwita shangazi kwa Kiluhya.

Jumapili, saa nane mchana, waumini wengine wameenda zao, wamebaki wanawake watatu na ngoma. Mabati yalikuwa yanalia kwa joto. Mama Nekoye alimkalisha Amolo chini kwenye mkeka, akaketi mbele yake, magoti yakigusana.

"Mnaimba nini?"

"Shuka."

"Mnamwita nani?"

"Ndugu yangu. Amekufa."

"Aliyekufa hashuki, mwanangu. Hata ukimwita kwa redio kila saa. Lakini huko juu kuna wengine wasio na jina, wanaskia neno hilo na wanajua kutembea." Hakuwa amepandisha sauti. "Ulimpa nini?"

Amolo alisimulia juu ya studio, ngazi, tangi, maneno aliyosema. Mama Nekoye akatikisa kichwa.

"Ulimpa mzigo wako akaubeba. Sasa anamla mwenye mzigo. Dawa ni moja tu, uuchukue. Huo msiba ni wako. Ndugu yako alikufaje?"

"Stima. Alipanda juu ya mabati."

"Kufanya nini?"

Amolo akatazama vitambaa vilivyofunga viganja vyake. Ngoma ilikuwa imetulia. Nje watoto walikuwa wanacheza na gurudumu.

"Kufanya nini?" Mama Nekoye akarudia.

"Nilimtuma mimi." Ilitoka bila uzito wowote. "Amplifaya yangu ilikuwa imezimika. Akasema, Amolo, kumenyesha, tungoje kesho. Nikamwambia anaogopa kama mtoto. Nikamwambia panda. Mama hajui. Hakuna mtu anajua."

Khamala, aliyekuwa ameegemea mlango, akaketi chini polepole.

"Basi imba," Mama Nekoye akasema. "Bila maik, bila gitaa. Na sauti yako, ile mbaya."

Amolo akafungua kinywa, na ile sauti nyingine ikawahi. Ikapanda ikajaza kanisa, nzuri hata wanawake wale watatu wakaanza kulia wakipiga ngoma. Amolo akaanza chini yake. Sauti yake ilikuwa kavu, imepasuka, haifuati tuni. Akaimba ubeti wa kwanza na hakujisikia. Akauimba tena. Ile harufu ikaja, nzito, na joto la mabati likatoweka kana kwamba mtu ameyamwagia maji, na mwanga mlangoni ukawa wa rangi ya majivu, na ile sauti tamu ikaacha kuimba ikaanza kumsemesha ikiwa karibu na sikio, ikamwambia kwamba bila yeye atarudi kukatizwa kwenye harusi za watu, kwamba wale elfu kumi hawamjii yeye, kwamba mzigo anaoudai hajawahi kuuonja na hajui uzito wake, kwamba ungemvunja siku ile ile ya kwanza, kwamba amekuwa akimtunza, amemtunza kuliko mama yake, na Mama Nekoye akamshika mikono iliyofungwa vitambaa akaibana kwa nguvu zake zote akisema, "Imba, imba, usimjibu, mwite ndugu yako kwa jina," na Amolo akamwita, "Okello," akamwita, "Okello, shuka, mvua, kumenyesha, tungoje kesho, Okello, tungoje kesho," maneno ambayo hayakuwa kwenye wimbo, na hapo viganja vyake vikaanza kumuuma.

Vilimuuma mpaka akapiga kelele. Maumivu yakapanda mikononi, yakafika kifuani, na nyuma yao ikaja siku ile yote jinsi ilivyokuwa: mvua, waya, viatu vya Okello juu ya bati, jinsi alivyoanguka bila sauti. Amolo aliinama hadi paji la uso likagusa mkeka, akalia kama watu walivyolia Alego. Juu ya paa kitu kikatembea, hatua nzito tatu juu ya mabati, kikaruka. Watoto waliokuwa nje wakakimbia. Joto likarudi.

"Amemwacha," Mama Nekoye akasema, jasho likimtiririka. Wanawake wakaimba taratibu. Isaac akaenda nje kutazama paa.

Amolo alilia karibu saa nzima. Khamala alimletea maji, akamshikia kikombe kwa kuwa viganja havikushikika, na Amolo akasema maji ni baridi, akalia tena kwa sababu ya hilo.

"Sina bendi," akamwambia. "Pole. Sina sauti."

"Wacha hiyo," Khamala akasema. "Nitawaambia uwanjani hatuji. Milango bado ipo ya kuchomea."

Mama Nekoye alikuwa anakunja kanzu yake. Akasimama ghafla.

"Nyumbani kuna nani?"

"Mama."

"Anaendeleaje?"

"Analia," Amolo akasema. "Kila siku."

Mama Nekoye akaitupa kanzu mkekani. "Nenda upesi," akasema.

*

Khamala alitaka kumsindikiza, Amolo akakataa. Alitembea peke yake, kutoka Kawangware hadi Ngong Road, kisha akashuka Kibera, na njia nzima kila kitu kilimgusa. Upepo ulimgusa. Harufu ya mahindi ya kuchoma ilimgusa. Redio moja ya kinyozi ilikuwa inapiga "Shuka," naye akaziba masikio akapita. Alikuwa amepanga maneno. Angemwambia mama yake kila kitu: amplifaya, mvua, jinsi alivyomdhihaki. Mama angempiga. Labda angemfukuza. Labda wangeshikana wakalia wote wawili, mara moja, hadi iishe. Chochote kati ya hivyo kingemtosha. Alikuwa anakitamani kama mwenye kiu.

Alifika saa kumi na mbili, bado kuna mwanga. Mama yake alikuwa kwenye kiti chake, karai linachemka, wateja wawili wanangoja. Redio ilikuwa imezimwa. Samaki walikuwa wamekaangwa vizuri, rangi ya dhahabu, wamepangwa kwenye trei kwa mistari. Mama alikuwa amechana nywele. Alimtolea mteja chenji, akamshukuru, akatabasamu.

"Mama," Amolo akasema. Akapiga magoti pale pale kwenye matope. "Mama, ni mimi. Okello nilimtuma mimi apande. Nilimcheka. Alitaka kungoja. Ilikuwa amplifaya yangu, Mama. Mimi ndiye nilimuua."

Mama yake alisikiliza hadi mwisho, uma wa kugeuzia samaki mkononi.

"Ah," akasema. "Sawa."

"Mama, umeniskia?"

"Nimekuskia." Akageuza samaki. "Si ndivyo huwa. Inuka, utachafua nguo."

Amolo alimtazama macho. Yalikuwa makavu, yametulia, yanapendeza. Akamkumbatia, na mama akampigapiga mgongoni kwa mkono mmoja, taratibu, jinsi mtu anavyombembeleza mtoto wa mgeni.

"Mama. Nani amekuja hapa?"

"Mtu fulani. Saa tisa hivi. Alikuwa amesimama pale mlangoni, baridi imemshika, maskini, anatetemeka. Akaniuliza kama nimechoka." Mama akamwondoa begani polepole, kwa sababu mafuta yalikuwa yanaruka. "Nikamwambia nimechoka kabisa. Akasema basi niiache hiyo huzuni, yeye atakaa nayo. Mtu mzuri sana. Kula samaki."

Amolo akapiga ukelele. Ulitoka mbaya, umepasuka, ukaenda juu ya mabati yote ya Raila, na hakuweza kuuzuia. Milango ikafunguka. Majirani wakatoka, wanawake wakishika vichwa, wanaume na vijiko mikononi, wakauliza ni nani tena amekufa kwa Mama Amolo.

"Hakuna mtu," mama akawajibu kwa upole, akigeuza samaki. "Ni huyu tu."